Halina Kitu: Vidokezo kwa Nyumba Yenye Bunduki

Ukipita Nanyamba kwenye barabara ya Mtwara kwenda Newala utaona mikorosho, makopa ya muhogo yameanikwa, bodaboda zimeegeshwa chini ya mwembe. Bunduki hutaziona. Zipo lakini. Lipo gobore la babu uvunguni. Ipo shotgani ya mlinzi wa ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, pale msimu wa korosho unapofunguka. Ipo ya mwenye shamba anayepanda dunguni usiku kuwasubiri nguruwe pori, ambao Waislamu wengi wa huku hawali nyama yao na kwa hiyo wanazaliana kwa raha zao. Nyingi zina leseni. Zisizo nayo tutazifikia.

Mimi nimekulia chini ya bunduki, na hiyo si tamathali ya usemi. Gobore la mjomba lililala kwenye misumari miwili juu ya mlango wa chumba cha watoto. Mgeni akiuliza, mjomba alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye bao: "Halina kitu." Nikiwa darasa la tano, siku moja alilishusha ili alisafishe. Akalipakata, akaanza kuisugua nyundo yake kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Likalia. Bati likatoboka matundu manne, masizi yakatudondokea vichwani, na kuku aliyekuwa akiatamia kapuni akaruka na hakurudi tena kwenye mayai yale. Mjomba alikaa kimya muda mrefu, gobore bado liko mapajani. Kisha akasema tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayeuliza: "Lakini halina kitu?"

Lilikuwa na kitu tangu msimu wa muhogo wa mwaka uliotangulia. Hakuna aliyeumia. Vidokezo vifuatavyo vimeanzia kwenye matundu yale manne.

1. Usiamini kumbukumbu, hata yako

Kwanza tuwaangalie wenzetu waliozika wengi kwa ajali hizi hadi wakaamua kuhesabu. Mwaka 1991 ofisi ya ukaguzi inayofanya kazi chini ya Bunge la Marekani ilichambua vifo vya kupigwa risasi kwa bahati mbaya, ikajiuliza swali moja la kifundi: je, bunduki yenyewe ingetengenezwa vingine, nani angekuwa hai? Ikakadiria kwamba vifaa viwili tu vingezuia vifo 31 katika kila 100. Kifaa cha kwanza ni kizuizi ambacho mtoto mdogo hawezi kukifungua kwa nguvu za vidole vyake. Hicho kingeokoa 8. Cha pili ni alama kwenye bunduki inayoonyesha kama kuna risasi ndani. Hiyo ingeokoa 23.

Ishirini na watatu! Karibu mara tatu ya wale wa kwanza, na hawa hawakuwa watoto wachanga. Walikuwa vijana na watu wazima na akili zao, walioshika bunduki wakiamini haina kitu. Kila nikisoma hesabu hiyo namwona mjomba na kitambaa chake.

Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna kanuni moja: anayeipokea bunduki anaikagua mwenyewe, mbele ya aliyempa, hata kama aliyempa ameikagua sasa hivi. Mjomba haoni kama ni dharau. Zamani angeona.

2. Lifanye gobore liseme

Baadhi ya bastola za kisasa zina kijialama juu ya chemba kinachoinuka kidogo risasi ikiwemo, ukikipapasa gizani unakijua. Shotgani ya kuvunja unaivunja tu katikati, unachungulia. Shida yetu ni gobore. Linashindiliwa kutoka mdomoni, nyuma limezibwa, na ukilitazama nje lenye baruti na lisilo na baruti ni mapacha.

Dawa yake ni ya kizamani na haigharimu hata shilingi. Ule ufito wa kushindilia, wazee wanauita mdeki, ndio kipimo chako. Siku una uhakika kabisa kwamba gobore ni tupu, limesafishwa na limeoshwa, tumbukiza mdeki hadi ugonge chini. Pale ulipokutana na mdomo wa mtutu, chora mstari kwa kisu. Mzunguko kamili, si alama ya makaa itakayofutika. Basi. Kuanzia siku hiyo ukitumbukiza mdeki na mstari ukalingana na mdomo, ni tupu. Mstari ukibaki juu, kwa upana wa vidole viwili au vitatu, chini kuna baruti na goroli vinakusubiri.

Mambo mawili kabla ya kupima. Toa fataki kwanza, kile kidude kidogo kinachowasha baruti. Na usiuinamie mtutu kama anayechungulia kisima. Simama pembeni, ufito uingie, uso ubaki nje ya njia.

Mdeki wa mjomba una mistari miwili. Wa pili aliuchora mwenyewe, wa "limejaa", kwa sababu anasema mtu akiwa na usingizi anahitaji kuambiwa mara mbili.

3. Fataki ilale mbali na gobore

Gobore hulishwa vitatu: baruti, goroli na fataki. Viwili vya kwanza vikishaingia kuvitoa ni kazi, na ndiyo maana watu hulisahau gobore limeshiba kwa wiki nzima. Cha tatu unakitoa kwa kucha. Kitoe. Fataki ziwekwe kwenye kopo lenye kifuniko, chumba kingine, mbali na moto na mbali na watoto. Baruti nayo kopo lake. Usiviweke pamoja eti usihangaike kutafuta, maana kuhangaika huko ndiko unakokutaka.

4. Vuka ukuta kwanza, bunduki ifuate

John Hanning Speke mnamjua kutoka vitabu vya historia: Mwingereza aliyetembea kutoka pwani yetu hadi Tabora, akafika ziwa kubwa upande wa Mwanza mwaka 1858 na kulibandika jina la malkia wake. Malaria haikumuua. Mkuki wa Wasomali ulimjeruhi vibaya mwaka 1855, haukumuua. Alikufa kwao, Septemba 15, 1864, kwenye mashamba ya jamaa zake huko Wiltshire, akiwinda kwale. Kwale! Wale ambao watoto wa Nanyamba huwatega kwa kamba.

Alikuwa anapanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki mkononi. Ikafyatuka, ikampata ubavu wa kushoto. Alifariki muda mfupi baadaye pale pale shambani. Kesho yake alikuwa anatarajiwa kwenye mdahalo na Richard Burton kuhusu chanzo cha mto Nile, na kwa sababu hiyo wapo wanaonong'ona hadi leo kwamba alijiua. Uchunguzi wa kifo chake ulisema ni ajali. Mimi naangalia jambo jingine: bunduki ile, iliyotengenezwa kwa Lancaster wa London, haikuwa na kizuizi cha usalama. Mwindaji wa miaka mingi, silaha ya fundi mkubwa, ukuta usiomfika kiunoni.

Kwetu ukuta wa mawe ni nadra, ila tuna mitaro, magogo, matawi ya mikorosho yanayogusa ardhi, na bodaboda. Utaratibu ni huo huo kwa vyote. Toa risasi, au fataki kama ni gobore. Iweke bunduki chini upande wa pili, mdomo ukielekea mbali nawe. Kisha vuka wewe. Mkiwa wawili, mmoja ashike bunduki zote hadi mwenzake avuke. Na kwenye bodaboda, kamwe, kamwe usipakiwe na bunduki yenye risasi. Shimo moja tu la barabara ya Kitaya linatosha.

5. Sefti si kufuli

Sefti ni kile kidude cha kusukuma kwa kidole gumba au cha shahada ili triga isivutike. Ni kizuri, kitumie. Ila usikiabudu. Katika bunduki nyingi sefti huzuia triga peke yake. Nyundo na pini vya ndani vinabaki vimebeba nguvu yao, na bunduki ikianguka kwa kisogo kwenye sakafu ya saruji, lolote linaweza kutokea. Vilevile kidude kile hulegea kwa umri. Na mtoto wa miaka sita anajua kusukuma.

Kuna kisa kizuri hapa. Bastola maarufu ya Colt ya mwaka 1873, ile ya kwenye filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, ina matundu sita. Waliokuwa wakiibeba kila siku walitia risasi tano. Tundu la sita, lililo chini ya nyundo, waliliacha tupu, kwa sababu nyundo ikigongwa kidogo ingeweza kumlipua mbebaji mguu. Ilichukua hadi mwaka 1973, miaka mia kamili, ndipo kiwanda cha Ruger kikaanza kuuza bastola za namna hiyo zenye kipande cha chuma kinachoinuka tu pale triga inapovutwa kwa makusudi. Bila hicho, nyundo haigusi pini. Miaka mia ya kubeba tano na kulipia sita.

6. Kufuli: chagua kwa umbo la bunduki yako

Hapa nitakaa kidogo, maana maswali mengi huja hapa.

Kufuli la triga ni vipande viwili vinavyobana ule mviringo wa chuma unaozunguka triga, kidole kisiingie. Dukani Mtwara huenda usilipate, Dar es Salaam utalipata kwa wauza silaha. Tahadhari moja, kubwa: haliwekwi kwenye bunduki yenye risasi. Kulivalisha tu kunaweza kuigusa triga, na hapo umejiletea ajali kwa kifaa cha kuzuia ajali.

Kufuli la waya ni bora zaidi kwa shotgani na raifo. Ni waya mnene uliovikwa plastiki, unapita ndani ya bunduki yenyewe, kupitia chemba, ndipo unafungwa kwa kufuli. Waya ukiwa umo, risasi haiingii na mtambo haujifungi. Mtu akiiona tu kwa mbali anajua hii imelala. Ndiyo maana nalipenda kufuli hili: linafanya kazi mbili, linazuia na linasema.

Kwa gobore waya haupiti, nyuma kumezibwa. Suluhisho ni kasha. Tranka la shule halitoshi, gobore ni refu. Mjomba alikwenda kwa fundi seremala akaagiza kasha la mninga, refu, jembamba, lenye bawaba tatu na komeo la kufuli. Fundi akapima, akaandika, kisha akauliza kwa upole nani amefariki. Kasha lile sasa limepigiliwa ukutani kwa parafujo ndefu, kwa sababu kasha linalobebeka huibwa likiwa na vilivyomo. Risasi, goroli na baruti haviingii humo. Vina mahali pake na kufuli jingine lenye ufunguo tofauti.

Mtu ataniambia, na wameshaniambia: bunduki iliyofungwa itanisaidia nini usiku wakija? Silicheki swali hilo. Kitaya imo ndani ya halmashauri yetu hii ya Nanyamba, na watu wa ukanda wa Ruvuma wanakumbuka Oktoba 2020, wavamizi walipovuka kutoka upande wa Msumbiji, wakaua na kuchoma nyumba. Hofu ile ina sababu. Lakini tuseme ukweli kama watu wazima. Gobore linaloshindiliwa risasi moja moja halikuwa jibu la usiku ule. Lililo uvunguni likiwa limeshiba, usiku wote mwingine wa mwaka, linamwelekea nani? Wanaolala chumba kile ni mke, watoto, na mjukuu aliyekuja likizo. Kasha zuri linafunguka kwa sekunde chache kama ufunguo unajulikana ulipo. Tutaufikia ufunguo.

Na zile bunduki za alama za vidole, zinazomtambua mwenyewe na kumkataa mwingine? Zimeanza kuuzwa Marekani baada ya miaka mingi ya ahadi. Wazo ni zuri sana. Ila nawafikiria wabanguaji wetu wa korosho. Yale mafuta ya ganda yanababua ngozi, vidole vinakuwa laini kama karatasi, na tuliona wengi wao wakihangaika kwenye usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Mashine iliyoshindwa kumtambua mama kwenye laini ya simu sitaipa kazi ya bunduki. Kwanza kufuli.

7. Bastola: magazini kwanza, kisha chemba

Wachache huku wanamiliki bastola, nitakuwa mfupi. Kuchomoa magazini peke yake hakuiachi bastola tupu. Risasi moja inaweza kubaki juu, kwenye chemba, nayo inatosha. Chomoa magazini, vuta mtambo nyuma, tazama, tia kidole uhakikishe. Ukifanya kinyume, yaani kuvuta mtambo kwanza na magazini bado imo, unatoa moja na kuingiza nyingine, kisha unajipongeza. Kosa hili limeua watu wengi kiasi kwamba jimbo la California liliamua bastola mpya za aina hiyo ziwe na alama ya chemba pamoja na kizuizi kinachoifanya isilie magazini ikishatoka.

8. Kwa walinzi wa ghala

Msimu ukifunguka, Oktoba hivi, minada ikianza na magunia yakipangwa hadi darini, shotgani zinatoka. Zinapokezanwa saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi, mara nyingi kwa haraka, mmoja ana njaa na mwingine ana usingizi.

Makabidhiano hayo ndiyo hatari. Fanyeni hivi: bunduki ikabidhiwe imefunguliwa, risasi mkononi si ndani, zihesabiwe kwa sauti, ziandikwe kwenye daftari. Pale getini wekeni ndoo kubwa au pipa lililojaa mchanga. Kutia na kutoa risasi kufanyike mdomo ukiwa umeelekezwa humo. Vituo vingi vya polisi na kambi nyingi za jeshi duniani vina kitu cha namna hiyo. Mchanga wa Mtwara ni wa bure na hauishi. Na wewe mlinzi unayeegemea kitako cha bunduki kama mkongojo, mdomo chini ya kidevu, kwa sababu miguu imechoka: omba kiti. AMCOS iliyouza tani zote zile haikosi kiti.

9. Watoto wameshaiona

Kila mzazi anayesema "wangu hajui ilipo" ajaribu kukumbuka utoto wake. Mimi nilijua ilipo bunduki, zilipo pipi za Idi, na barua ambazo shangazi aliandikiwa na mtu ambaye si mjomba. Kuficha si kufungia.

Desemba 30, 2014, kwenye duka kubwa mjini Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili alipeleka mkono kwenye mkoba wa mama yake, akakuta bastola. Mama alifariki papo hapo. Miaka miwili! Watu hudhani triga ni ngumu kwa mtoto, wanasahau kwamba mtoto haishiki bunduki kama askari. Anaigeuza, mdomo unamwangalia yeye, anasukuma triga kwa vidole gumba viwili. Kwa namna hiyo nguvu anayo.

Florida ilikuwa jimbo la kwanza Marekani, mwaka 1989, kumfanya mwenye bunduki ajibu mahakamani pale mtoto anapoifikia. Kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo haimchukulii mwenye leseni kama mtu aliyepewa toroli.

Wafundisheni maneno manne, wayajue kama wimbo: simama, usiguse, ondoka, sema. Lakini msiyategemee. Kijana wa miaka kumi na mbili mbele ya wenzake atayasahau yote manne kwa mpigo. Kufuli halina wenzake wa kuringia.

Na likizo ya mwezi wa sita, wakati wa jando na unyago, watoto wakilala nyumba za ndugu kwa wiki, muulize mwenyeji. "Shemeji, bunduki mnaiweka wapi siku hizi?" Ni swali kama la kisima kina kifuniko au hakina. Atakayekasirika amekujibu.

10. Usiku shambani hakuna kifaa

Kipo kipengele kimoja ambacho fundi hajakitengenezea chuma. Majani yametikisika, kitu kimeguna, unaamini ni nguruwe. Anaweza kuwa jirani anayewinda nguruwe yule yule kutoka upande wa pili. Anaweza kuwa mtu anayejisaidia. Tochi ya kichwani kwanza, uone kichwa na miguu, ndipo kidole kiingie kwenye triga. Kabla ya hapo kidole kilale ubavuni mwa bunduki, kimenyooka. Wanaolinda mashamba yanayopakana wapeane zamu kwa simu jioni, nani yuko dungu lipi. Anayetembea usiku awashe taa na aimbe, hata kama hajui kuimba. Viboko na tembo wawe kazi ya afisa wanyamapori wa halmashauri. Goroli za gobore zitamkasirisha tu mnyama.

11. Chuma cha porini

Hiki kimekaa pembeni ya mada lakini siwezi kukiruka, kwa kuwa tunaishi jirani na mto Ruvuma, uliopakana na vita zaidi ya mara moja. Novemba 8, 2017, katika shule ya msingi Kihinga, wilaya ya Ngara, mwanafunzi alikwenda shuleni na chuma alichokiona kama skrepa. Kilikuwa bomu la kutupwa kwa mkono. Wanafunzi watano walikufa, makumi wakajeruhiwa. Kitu hicho kina sefti yake, pini, ila kikishakaa ardhini miaka pini ni kutu tu. Mtoto akileta chuma asichokijua mtu, msikipime kwa muuza skrepa. Wekeni alama kwa mbali, mpigie mwenyekiti wa kijiji au polisi 112.

12. Lile lisilo na karatasi

Bunduki isiyosajiliwa ndiyo iliyo hatarini zaidi kulipuka, kwa sababu haipelekwi kwa fundi, haitajwi, na inafichwa mahali pabaya. Magobore ya kienyeji yenye mtutu wa bomba hupasukia usoni mwa mpigaji. Serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Mwaka 2023 kilikuwa Septemba 1 hadi Oktoba 31. Kinapotangazwa tena, usisikilize hadithi za kijiweni. Nenda na mwenyekiti wako. Unalibeba likiwa limetolewa fataki, tafadhali.

13. Ikishatokea

Gandamiza jeraha kwa nguvu, kwa kanga safi, usiinue kila dakika kuangalia. Usichokonoe goroli. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka, funga kwa juu ya jeraha, kaza hadi damu isimame, kumbuka saa uliyofunga umwambie daktari. Mmoja aondoke na mgonjwa, mwingine aende polisi kuchukua fomu ya PF3. Msikae wote kituoni na mgonjwa garini. Na msiseme ameangukia kisiki. Daktari anayedanganywa anatafuta kisiki.

14. Ufunguo

Nimeahidi. Ufunguo usikae juu ya fremu ya mlango, wala chini ya godoro, wala kwenye birika la kabatini. Watoto wameshatembelea kote huko. Ukae mwilini mwa mwenye leseni, na wa akiba kwa mtu mzima mmoja tu anayeaminika.

Mjomba alijaribu kuufunga kwenye pindo la msuli. Juma moja kabla ya kuchimba muhogo, saa nane za usiku, tukawasikia nguruwe. Mjomba akaruka, akashika pindo: msuli si ule. Ule wa ufunguo ulikuwa kambani, umefuliwa, unatiririka maji. Hadi kasha lifunguliwe, mdeki utumbukizwe, mstari uonekane kwa mwanga wa simu yangu, fataki ije kutoka chumba cha pili, nguruwe walikuwa wameshamaliza matuta mawili na kwenda zao wakiguna.

Asubuhi shangazi alikwenda kuyaangalia matuta yale, akarudi na jembe begani. Akasimama mlangoni, akauangalia ule ufunguo shingoni mwa mjomba, sasa umefungwa kwa uzi wa nyavu. Akamuuliza kama mbegu ya muhogo wa kiroba imebaki, ipandwe mvua zikianza. Mjomba akasema imebaki.